Homa ya Ini Duniani: Nchi Zipi Zimeathirika Zaidi, na kwa Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi na watu waliotoka kupima, wanaojiandaa kusafiri, au waliofiwa na ndugu kwa ugonjwa wa ini na wanataka kujua ulitoka wapi. Ya msingi yametangulia, ya watu wachache yako mwishoni. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Kuna homa ngapi za ini?

Zinazotokana na virusi ni tano, na kila moja ina kirusi chake: A, B, C, D na E. Zote hushambulia ini na zote zinaweza kumfanya mtu awe na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, lakini tabia zake hazifanani.

A na E huingia kwa mdomo, kupitia maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Mtu huugua kwa wiki kadhaa, kisha kwa kawaida hupona kabisa. B na C hupita kwenye damu. B hupita pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Hizi mbili zinaweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 bila dalili yoyote, huku ini likiharibika polepole hadi lisinyae au lipate saratani. D humpata yule tu mwenye B.

Kwa hiyo anayeuliza "nchi fulani ina homa ya ini kiasi gani?" inabidi aseme ni ipi. Misri, Mongolia na Sudan Kusini zote zimewahi kutajwa kuwa za juu kabisa duniani, kila moja kwa sababu yake. Homa ya manjano inayoenezwa na mbu ni ugonjwa mwingine kabisa na haihesabiwi humu.

Ni watu wangapi wanaishi nayo duniani?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotoka mwaka 2024 inakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa na B ya kudumu na milioni 50 walikuwa na C. Kwa B peke yake hiyo ni kama watu 3 katika kila 100 duniani. A na E hazihesabiwi hivyo kwa sababu hazikai mwilini. Zenyewe hupimwa kwa wagonjwa wapya na milipuko.

Jambo linalotisha zaidi katika ripoti hiyo ni hili: kati ya wenye B, ni asilimia 13 tu waliokuwa wamewahi kupimwa na kuambiwa, na asilimia 3 tu ndio waliokuwa kwenye dawa. Kwa maneno mengine, katika kila watu 100 wenye B, 87 hawajui.

Ni kweli inaua kuliko Ukimwi?

Ndiyo. Mwaka 2022 homa za ini ziliua watu milioni 1.3, sawa na kifua kikuu mwaka huohuo, wakati Ukimwi uliua takriban 630,000. Zaidi ya vifo 8 katika kila 10 vya homa ya ini vilitokana na B. Mwaka 2019 vilikuwa milioni 1.1, yaani vinapanda badala ya kushuka.

Haisikiki sana kwa sababu anayekufa kwa B huandikiwa "saratani ya ini" au "tumbo kujaa maji". Familia inazika bila kujua kwamba chanzo kilikuwa kirusi ambacho huenda na wengine wa nyumba hiyo wanacho.

Asilimia ya nchi hupatikanaje?

Kwa B, watafiti huchagua kaya kwa kura, kutoka mikoa yote, kisha hupima damu ya waliomo. Kipimo kinachotumika sana ni kile kidogo cha plastiki: tone la damu ya kidole, matone machache ya dawa, unasubiri kama robo saa. Ukitokea mstari mmoja penye herufi C (alama ya kifaa, si homa ya ini C), kipimo kinafanya kazi na kirusi hakijaonekana. Ukitokea na wa pili penye herufi T, kile kitu kinachoitwa HBsAg kipo, yaani mtu ana kirusi cha B mwilini. Wenye mistari miwili wakigawanywa kwa wote waliopimwa, unapata asilimia ya nchi.

Kwa kawaida nchi yenye chini ya asilimia 2 huitwa ya kiwango cha chini, yenye asilimia 8 na zaidi huitwa ya kiwango cha juu, na zilizobaki zipo katikati.

Mbona nchi moja hutajwa kwa takwimu mbili au tatu tofauti?

Mara nyingi zote ni za kweli, ila zinapima vitu tofauti. Kwa C, kipimo cha kwanza hutafuta kinga, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Takriban theluthi moja ya wanaoambukizwa C huwa wanaiondoa wenyewe ndani ya miezi sita, lakini alama inabaki. Ndiyo maana utafiti wa Misri wa mwaka 2015 ulitoa asilimia 10 kwa waliokuwa na kinga na asilimia 7 kwa waliokuwa na kirusi chenyewe, kwa watu walewale wa miaka 15 hadi 59.

Pia angalia nani alipimwa. Takwimu za wachangia damu huwa za chini kwa sababu waliowahi kuambiwa wana tatizo hawaji tena kuchangia. Za wagonjwa wa hospitali huwa za juu. Za wajawazito hazisemi lolote kuhusu wanaume. Ukiona asilimia haielezi ilitoka kwa kundi gani, usiitegemee.

## Homa ya ini B

Ni nchi zipi zina B nyingi zaidi?

Ukihesabu vichwa, China inaongoza kwa karibu watu milioni 80, ikifuatiwa na India yenye karibu milioni 30. WHO inasema nchi kumi zinabeba karibu theluthi mbili ya mzigo wote wa B na C duniani: China, India, Indonesia, Nigeria, Pakistan, Ethiopia, Bangladesh, Vietnam, Ufilipino na Urusi.

Ukihesabu kwa asilimia, picha inageuka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliiweka Sudan Kusini kwenye zaidi ya asilimia 22, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano, huku Shelisheli ikiwa chini ya asilimia 1. Nchi zote mbili ni za Afrika. Kwa hiyo kauli ya "Waafrika wana B" haina maana. Ndani ya nchi moja pia kuna tofauti kubwa, kama utakavyoona kwenye swali la Uganda.

Kwa nini B imejaa Afrika na Asia, si Ulaya Magharibi?

Jibu ni umri wa kuambukizwa. Mtoto mchanga akiipata kutoka kwa mama, uwezekano wa kubaki nayo maisha yake yote ni zaidi ya asilimia 90. Akiipata kati ya mwaka mmoja na mitano, ni kama asilimia 30. Mtu mzima mwenye afya akiipata, chini ya asilimia 5 ndio hubaki nayo. Wengine mwili huitoa wenyewe.

Ulaya Magharibi B imekuwa ikipatikana ukubwani, kwa ngono au sindano za dawa za kulevya, kwa hiyo wengi waliipata na kuitoa. Asia Mashariki akina mama wengi wenye B wana virusi vingi kwenye damu, hivyo watoto huzaliwa nayo. Afrika kuna njia hiyo, na kuna nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha: watoto kwa watoto. Kidonda cha huyu kinagusa mchubuko wa yule, wembe mmoja unanyoa vichwa vya watoto wote wa nyumba, mswaki mmoja unazunguka. Kirusi cha B kinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku saba, na kinaambukiza kwa damu ndogo ambayo jicho halioni.

Nasisitiza hili kwa sababu mtu akiambiwa ana B, swali la kwanza analoulizwa nyumbani huwa "umeitoa wapi?", na ndoa huvunjika. Katika nchi zetu, mtu mzima mwenye B ya kudumu kwa uwezekano mkubwa aliipata kabla hajajua kusoma.

Kuna nchi iliyowahi kuishusha?

Zipo, na mfano ulio wazi zaidi ni Taiwan. Mwaka 1984 walianza kuchanja watoto wachanga wa akina mama wenye B, na miaka miwili baadaye wakachanja wote. Kabla ya hapo, karibu mtoto mmoja katika kila kumi alikuwa na kirusi. Miaka 15 baadaye idadi ilikuwa chini ya asilimia 1, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Ilikuwa mara ya kwanza duniani chanjo kuthibitika kuzuia saratani kwa binadamu.

China bara ilitoka asilimia 9.75 ya watu mwaka 1992 hadi 7.18 mwaka 2006. Inaonekana ni hatua ndogo, lakini angalia watoto wa chini ya miaka mitano: mwaka 2014 walikuwa asilimia 0.3 tu. Wale milioni 80 wa leo ni watu wazima waliozaliwa kabla ya chanjo kuwafikia. Ndivyo takwimu za B zinavyotakiwa kusomwa: asilimia ya watu wazima inaeleza miaka 30 iliyopita, ya watoto inaeleza kazi inayofanyika sasa.

Tanzania, Kenya na Uganda zikoje?

Zote ziko katikati. Kenya, tafiti za kitaifa za kaya zimetoa kati ya asilimia 2 na 3 ya watu wazima. Tanzania Bara ni kama asilimia 4.

Uganda ndiyo yenye ramani ya kushangaza. Sampuli za damu zilizokusanywa mwaka 2004 na 2005 zilionyesha asilimia 10 kwa nchi nzima, lakini kaskazini-mashariki, upande wa Karamoja, ilikaribia asilimia 24, na kusini-magharibi haikufika asilimia 4. Hiyo ni tofauti ya mara sita ndani ya mipaka ya nchi moja. Upande wa kaskazini unapakana na Sudan Kusini, ambayo tumeiona juu kabisa ya orodha. Mwaka 2015 serikali ya Uganda ilianza kupima na kuchanja watu wazima kuanzia huko kaskazini. Utafiti wa 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 4.3 ya watu wazima wana B, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake, na watoto wa chini ya miaka 15 wakiwa asilimia 0.6 tu. Watoto hao wengi walizaliwa baada ya chanjo kuingia nchini mwaka 2002. Hiyo 0.6 ndiyo takwimu inayonipa moyo kuliko zote za ukanda wetu.

Mwanangu alipata chanjo ya penta. Hiyo ya kuzaliwa ni ya nini?

Penta, yaani pentavalenti, ina chanjo ya B ndani yake na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Inafanya kazi nzuri, na ndiyo iliyoshusha B kwa watoto wa Afrika Mashariki. Lakini kama mama ana kirusi, mtoto anakutana nacho siku anayozaliwa, na wiki sita ni muda mrefu mno kusubiri. Tangu 2009 WHO imeshauri kila mtoto duniani apewe dozi ya kwanza ya B ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Hapa Afrika iko nyuma kuliko kanda zote. Kwa takwimu za 2022, kanda ya Afrika ndiyo iliyokuwa na asilimia 63 ya maambukizi mapya yote ya B duniani, huku ni asilimia 18 tu ya watoto wake wachanga waliopata dozi hiyo. Ugumu upo: wengine huzaliwa nyumbani, na zahanati nyingine haina jokofu wodi ya wazazi. Hata hivyo chanjo yenyewe ni ya bei ndogo, na mtoto huyohuyo anapewa BCG, chanjo ya kifua kikuu, akiwa bado mchanga. Kwa maoni yangu hakuna pengo katika afya ya mtoto wa Kiafrika lililo rahisi kuziba kama hili na likaachwa wazi muda mrefu hivi.

Ukiwa mjamzito, omba upimwe B kliniki kama unavyopimwa VVU na kaswende. Ukikutwa nayo, muulize mkunga au daktari mapema kuhusu dozi ya kuzaliwa na kama unahitaji dawa miezi ya mwisho ya ujauzito.

## Homa ya ini C

Ilikuwaje Misri ikawa ya kwanza duniani kwa C?

Wakulima wa bonde la Nile wamesumbuliwa na kichocho tangu enzi, kwa kuwa wanashinda miguu ndani ya mifereji ya umwagiliaji. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni kubwa ya kukitibu. Dawa ya wakati huo ilikuwa ya antimoni, inachomwa kwenye mshipa, na mgonjwa mmoja alihitaji sindano kumi na kitu, wiki baada ya wiki. Sindano zilikuwa za kioo, za kutumia tena. Kijiji kizima kinapanga foleni, mhudumu anachoma huyu, anaisuuza na kuichemsha kwa haraka, anachoma yule. Damu ikirudi ndani ya bomba, inaenda kwa anayefuata. Hakuna aliyejua. Kirusi cha C kilitambuliwa mwaka 1989, wakati kampeni hiyo ilikuwa imekwisha na vidonge vya praziquantel vimeshika nafasi yake.

Kichocho kilipungua, na mamilioni wakabaki na C. Ndiyo maana ilikuwa nyingi zaidi kwenye vijiji vya Delta ya mto Nile, ambako kampeni ilichoma sindano nyingi, na kwa watu wa umri mkubwa. Utafiti wa 2008 ulikuta karibu asilimia 15 ya watu wa miaka 15 hadi 59 wana kinga ya C. Karibu kila familia ilikuwa na mtu.

Na ilishushaje?

Kwanza dawa ilibadilika. Mwishoni mwa 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvir, kidonge cha kumezwa ambacho, kikiambatana na dawa nyingine, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa ndani ya wiki 8 hadi 12. Bei yake huko ilikuwa dola 1,000 kwa kidonge kimoja, dola 84,000 kwa wiki 12. Misri ilijadiliana na mwaka 2014 ikapata tiba hiyohiyo kwa dola 900. Kisha viwanda vya Misri vikaanza kuitengeneza, bei ikaporomoka zaidi. Leo dozi nzima inaweza kununuliwa kwa takriban dola 60 katika nchi zinazotumia dawa za jina la kawaida, yaani nakala za bei nafuu za dawa ya awali.

Pili, walitoka kuwatafuta watu. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, kampeni iliyoitwa "Afya Milioni 100" ilipima karibu watu milioni 50, bure, na waliokutwa na C walitibiwa bure. Oktoba 2023 WHO iliipa Misri hadhi ya dhahabu katika safari ya kuitokomeza C, nchi ya kwanza duniani kuifikia. Maambukizi yalikuwa yameshuka hadi asilimia 0.38.

Hakuna nchi nyingine iliyotoka mbali hivyo kwa muda mfupi hivyo, na ilifanywa na nchi ya Afrika yenye watu zaidi ya milioni 100. Anayesema haiwezekani kwetu aanze kwa kueleza kwa nini iliwezekana Misri.

Sasa hivi C iko wapi zaidi?

Pakistan, ambako karibu watu milioni 9 wanayo. Chanzo kikubwa ni sindano na dripu zisizohitajika zinazochomwa kwa kila homa na kila uchovu, na vifaa kutumika tena. Georgia ilikuwa na asilimia 5.4 ya watu wazima mwaka 2015, ikaanzisha mpango wa tiba ya bure, na utafiti wa 2021 ukakuta asilimia 1.8. Marekani ina historia mbili: wazee waliozaliwa kati ya 1945 na 1965, na vijana wa sasa wanaojidunga dawa za kulevya.

Na Afrika Kusini mwa Sahara?

Kwa watu wote kwa ujumla C ni chache kuliko B. Ila kuna mahali ambapo historia ya Misri ilijirudia kwa udogo. Kusini mwa Kameruni, mjini Ebolowa, utafiti mmoja ulikuta zaidi ya nusu ya wazee wa miaka 60 na zaidi wana kinga ya C, ilhali vijana wa nchi hiyo wanayo kwa uchache sana. Wazee hao walichomwa sindano enzi za ukoloni dhidi ya malaria na magonjwa mengine.

Rwanda ilitangaza Desemba 2018 mpango wa kupima watu milioni 4 wa miaka 15 na zaidi na kutibu wote watakaokutwa na C. Pwani yetu kuna kundi la kuangaliwa kwa karibu: wanaojidunga heroini Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam, ambao C kwao ni nyingi zaidi sana kuliko kwa watu wengine. Kituo cha methadoni (dawa ya kumeza inayotolewa badala ya heroini) cha Muhimbili, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 2011, na huduma hiyo inapunguza sindano za kuchangia. Hawa ni watoto wa mitaa yetu, na C inatibika.

## A, E na D

Homa ya ini A ipo nchi gani?

Penye vyoo na maji duni karibu kila mtoto huipata akiwa mdogo, anaugua kidogo au haugui kabisa, na anabaki na kinga maisha yote. Kwa hiyo milipuko huonekana zaidi kwenye nchi zinazoendelea kupata maji safi, ambako watu wamekua bila kukutana nayo. Mwaka 1988 mji wa Shanghai ulipata wagonjwa karibu 300,000 ndani ya miezi michache, kwa kula kome wa baharini ambao hawakuiva.

Kwa nini E husikika kwenye kambi za wakimbizi?

Kwa sababu inafuata maji yenye kinyesi na msongamano. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mlipuko ulioanza 2007 kwenye kambi za waliokimbia vita uliwagusa watu zaidi ya 10,000. Dadaab, Kenya, ulikuja 2012. Hatari kubwa ni kwa wajawazito: E ikimpata mama katika miezi mitatu ya mwisho, inaweza kuua hadi mmoja katika kila wanne. Chanjo ya E imekuwepo China tangu 2011, lakini ilitumika kwenye mlipuko kwa mara ya kwanza mwaka 2022, kambini Bentiu, Sudan Kusini.

Ulaya nako ipo E ya aina nyingine, inayotoka kwa nguruwe kupitia nyama na maini yasiyoiva vizuri.

D je?

WHO inakadiria watu milioni 12, kama asilimia 5 ya wenye B. Mongolia imeumizwa kuliko wote: B nyingi, C nyingi, na sehemu kubwa ya wenye B wana D pia. Matokeo yake nchi hiyo ina kiwango cha juu kabisa cha saratani ya ini duniani. Chanjo ya B inazuia D moja kwa moja.

## Maswali ya watu wachache

Nimeambiwa sifai kwenda kufanya kazi Ghuba kwa sababu ya B. Nifanye nini?

Vipimo vya afya vya wanaoomba kazi nchi za Ghuba huwa na B na C, na vigezo hutofautiana kwa nchi na kwa aina ya kazi. Ushauri wa kwanza ni kwa ambaye bado hajaenda: jipime mwenyewe kwanza, kabla hujauza kiwanja au kumlipa wakala. Kipimo ni cha bei ndogo, hasara ya nauli na ada si ndogo.

Kama umeshakutwa nayo, usinunue "dawa ya kusafisha ini" wala cheti cha bandia. B ya kudumu haina dawa ya kuiondoa kabisa kwa sasa. Ipo tenofovir, ambayo hukituliza kirusi na kupunguza hatari ya saratani. Ikiwa ni C, tibiwa, kwani inapona. Lakini soma swali la mwisho kabla ya kurudia vipimo. Nenda kliniki ya ini ujue hali ya ini lako. Hata safari isipokuwepo, kujua mapema kumekuokolea jambo kubwa kuliko safari.

Ninaishi Ulaya au Marekani. Kwa nini daktari ananiuliza nilipozaliwa?

Kwa sababu hatari ya B hufuata mahali ulipokuwa mtoto, kama ilivyoelezwa kwenye swali la umri. Marekani imekuwa ikishauri kupima waliozaliwa nchi zenye asilimia 2 na zaidi, na tangu 2023 inashauri kila mtu mzima apimwe walau mara moja. Sioni ubaguzi katika swali hilo. Kubali, na uwapime na watoto.

Nchi mbili zina B sawa, mbona saratani ya ini moja ni nyingi zaidi?

Kuna vinavyoongeza kasi: pombe, D, VVU, na kwetu hasa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Sumukuvu nyingi kwa mara moja inaweza kuua kwa muda mfupi, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2004 ambapo watu 125 walifariki. Kidogokidogo kwa miaka mingi, kwa mtu mwenye B, huzidisha hatari ya saratani mara nyingi. Mwenye B akiuliza ale nini, jibu la kwanza liwe kuacha mahindi na karanga zenye ukungu, hata baada ya kuzichambua.

Mimi ni mtu mzima, sijawahi kuchanjwa. Nimechelewa?

Hapana. Pima kwanza, ukikosa kirusi na kinga, chanjwa dozi tatu. Wahudumu wa afya, wenza wa wenye B na wanaoishi nao nyumba moja ndio watangulie.

Nilitibiwa C nikapona, lakini kila nikipima kipimo kinasema ninayo. Dawa ilishindwa?

Inawezekana kabisa kwamba umepona. Kipimo cha haraka hutafuta kinga, na kinga hubaki hata baada ya kirusi kuondoka. Kinachothibitisha kupona ni kipimo cha kirusi chenyewe, cha RNA, kinachofanywa wiki 12 au zaidi baada ya kumaliza dawa. Hifadhi karatasi ya majibu hayo, piga nakala, na uionyeshe kila unapopimwa upya, iwe ni kwa kazi, kwa bima au kabla ya upasuaji. Kumbuka pia kwamba alama ile haikukingi: ukikutana na damu yenye kirusi tena, unaweza kuambukizwa upya, na hapo ni RNA tena itakayosema.